Injini ya Pwani Juu ya Ufipa

Ukisema Dar es Salaam kwamba unakwenda Sumbawanga, watu wanacheka kwanza, halafu wanakuuliza kama umejiandaa. Utani huo wa uchawi ni wa zamani na umeshachosha. Mimi nilijiandaa na boksi la spana, plagi mbili mpya, brashi ya waya na lita ya oili namba 30.

Shemeji yangu anafundisha sekondari nje kidogo ya mji. Shule yao iliagiza mashine ya kukatia nyasi iliyotumika, ya injini ndogo ya petroli inayowashwa kwa kuvuta kamba. Niliichagua mimi huku pwani, nikaiwasha mbele ya muuzaji, ikanguruma vizuri, nikaipakia kwenye basi. Baada ya muda simu ikaja: inatoa moshi mweusi, inakohoa, na ikikutana na nyasi nene inazimika. Mafundi wawili wameshaifungua. Kama kuna sentensi inayoweza kumtoa mtu wa injini nyumbani kwake, ni hiyo ya mwisho.

Safari ya Sumbawanga ni zaidi ya kilomita elfu moja, na sehemu kubwa yake unaikwea bila kujua. Mlima Kitonga unajulikana, maana abiria wote wanaacha kuongea. Lakini baada ya Iringa ardhi inaendelea kukaa juu, na ukilala Mbeya unalala kwenye baridi ya kweli. Tunduma ni malori na vumbi la malori. Hapo basi linaiacha barabara ya Zambia, linashika kaskazini magharibi, na zaidi ya kilomita 200 zinazobaki zina lami nzuri kuliko nilivyoambiwa na watu ambao, niligundua, hawajawahi kufika.

Kuanzia Laela nchi inafunguka. Miti inapungua, upepo unaongezeka, na kila upande ni majani. Nilikwenda mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, na nikaona mashambani jambo lililonifanya nimcheke kimoyomoyo Edwin Budding, yule Mwingereza aliyebuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Wakulima walikuwa wanakata majani pamoja na udongo wake, wanayapindua na kuyafukia ndani ya matuta ya mviringo yaliyopangwa hadi macho yakashindwa kuyafuata. Majani yanaozea humo, maharage yanapandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta linatawanywa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Hiyo ni mbolea ya Wafipa, wenyeji wa uwanda huu, tangu enzi. Na mimi nilikuwa nimesafiri siku nzima na nusu kwenda kufufua mashine inayokata majani ili yaonekane mafupi.

"Pole na safari shemeji," mwenyeji wangu alinipokea stendi. "Mgonjwa yupo stoo."

Mgonjwa huyu nilimpima kwa utaratibu ambao haubadiliki popote: moto, mafuta, hewa, na mgandamizo ndani ya silinda. Nilifungua plagi. Ilikuwa nyeusi ya masizi makavu. Ingekuwa nyeusi ya kulowa na oili, ningeanza kuwaza ringi za pistoni. Masizi makavu yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Niliisugua, nikaweka mwanya wa milimita 0.7, nikaigusisha kwenye chuma na kuvuta kamba: cheche ya buluu, kali. Moto upo. Kamba yenyewe ilikuwa inarudisha mkono kwa nguvu, kwa hiyo mgandamizo upo.

Nikahamia kwenye hewa. Sponji ya chujio la hewa ilikuwa imejaa vipande vya majani na vumbi jekundu. Nikaifua kwa sabuni na maji, nikaikausha, nikaipaka oili kidogo na kuikamua. Nikahakikisha choki inafunguka hadi mwisho, maana waya wa choki uliokwama nusu unatoa moshi uleule. Nikafungua bakuli la kabureta, nikatazama floti na sindano yake. Sindano isipoziba, petroli inafurika na dalili ni hizohizo. Iliziba. Chini ya bakuli palikuwa na matone ya maji na ukungu wa mchanga, mambo ya petroli ya kwenye chupa. Niliyasafisha, nikafunga, nikavuta. Ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa.

Mafundi wale wawili hawakuwa wamekosea kitu. Kila kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake kama kilivyotengenezwa, na hapo ndipo penye shida. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho msukumo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini inavuta pumzi ya ujazo uleule kila mzunguko, lakini ndani ya pumzi hiyo oksijeni imepungua. Petroli inahitaji hewa yenye uzito wa takriban mara 14.7 ya uzito wake ili iungue yote. Kabureta haijui imehamishwa. Tundu la jeti, linalopitisha petroli, lilipimwa kiwandani kwa hewa nzito ya chini, nalo linaendelea kumimina kipimo chake cha pwani. Inayobaki bila kuungua ndiyo moshi, ndiyo masizi ya plagi.

Vitabu vya injini hizi vinalisema hilo katika aya fupi ambayo watu wa pwani tunairuka: kwenye nyanda za juu weka jeti ndogo zaidi, na hata ukiiweka, nguvu itapungua kwa kiasi cha asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu ya Sumbawanga, unapata moja ya tano. Sehemu hiyo ya nguvu hairudi kwa ufundi wowote. Unanoa kisu, unatembea polepole, basi.

Jeti nilikwenda kuitafuta mjini, kwa mzee anayetengeneza pampu na pikipiki. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umetoka chini, eh?" Alijua kabla sijaeleza, nadhani ni koti langu jepesi. Alimimina mezani mkebe wa jeti za shaba, kubwa na ndogo, kila moja na namba iliyogongwa ubavuni, akainua moja moja kwenye mwanga wa mlango hadi akaipata iliyopungua kidogo kuliko yetu.

"Huku tunapunguza mafuta," alisema. "Hewa hatuwezi kuongeza."

Nadhani mababu wa Ufipa wangembishia. Jumamosi shemeji alinipeleka kuona mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma, ilungu kwa lugha ya hapa, malungu yakiwa mengi. Yamesimama huku na kule katika Ufipa, na wanaakiolojia, Profesa Bertram Mapunda akiwa mmojawapo, wameyachunguza kwa miaka mingi. Ni minara ya udongo, mingine inafika kimo cha mita tatu. Chini kuna matundu yaliyozunguka, ambamo waliingiza mirija ya udongo. Jambo lililonisimamisha pale ni kwamba ilungu halikupulizwa kwa mivukuto. Walijaza mkaa na mawe ya chuma, wakawasha, na urefu wa mnara wenyewe ukafanya kazi: hewa moto inapanda, nyingine inavutwa kupitia matundu ya chini, mchana na usiku kwa siku kadhaa. Mivukuto ilikuja hatua ya pili tu, kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma, kintengwe. Majembe na mashoka yaliyotoka hapo yaliuzwa mbali na Ufipa, hadi majembe ya viwanda vya Ulaya yalipofika na kuizima kazi hiyo katika karne ya 20.

Nilikaa nikihesabu matundu yale. Aliyejenga mnara huu juu ya uwanda wenye hewa nyepesi alikuwa analitatua fumbo la kabureta yangu, naye hakuwa na namba iliyogongwa kwenye shaba. Alichagua urefu, idadi ya matundu, upana wa mirija. Shemeji aliniuliza kama nimechoka kusimama.

Kwa jeti mpya mashine ilinguruma bila kukohoa, moshi ukakatika, na baada ya kufyeka nusu ya uwanja plagi ilikuwa ya rangi ya kahawia hafifu, rangi ambayo fundi anaipenda. Mlinzi wa shule, ambaye ndiye atakayeitunza, nilimpa darasa refu kuliko alivyotaka. Oili aipime kabla ya kila kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Mapezi ya silinda ayatoe majani, kwa kuwa hewa hii nyepesi hata kupooza haipoozi sana. Kisu kikigonga jiwe na injini ikagoma papo hapo, asihangaike na kabureta. Kuna kipande kidogo cha chuma laini kinachoshika gurudumu la sumaku, kimewekwa makusudi kikatike ili shafti ipone. Kubwa kuliko yote ni kiangazi. Vitabu vya Ulaya vinasema mashine ihifadhiwe majira ya baridi yenye theluji. Huku Rukwa nyasi zinalala kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, na petroli ikikaa ndani ya kabureta miezi hiyo yote inageuka gundi na kuziba jeti. Aimwage, kisha aiwashe mashine hadi ijizime yenyewe.

Kabla ya kurudi niliteremka Muze, ng'ambo ya milima ya Mbizi, kwa barabara ya Ntendo inayojikunja hadi tumbo linakusema. Bonde la Ziwa Rukwa liko karibu mita 1,000 chini ya Sumbawanga. Joto lilitupokea, na michikichi na mashamba ya mpunga. Kwenye bustani ya nyanya kijana alikuwa anagombana na pampu ya maji: inapanda na kushuka mlio, inapiga chafya kwenye kabureta, inachemka. Nilimwomba afunge choki nusu. Ikatulia. Plagi ilikuwa nyeupe.

"Pampu umeinunua wapi, mdogo wangu?"

"Juu, mjini. Ilikuwa ya mtu, ameitumia huko miaka miwili."

Ilikuwa na jeti ndogo. Huku chini hewa imeongezeka, mafuta yamebaki ya mlimani, na injini inayoungua kwa mafuta machache hivyo hujichoma yenyewe valvu na pistoni. Nilikuwa na jeti ya zamani ya mashine ya shule mfukoni. Nyuzi zake zilikubali. Alivuta kamba, maji yakatoka, akasimama akiitazama ile jeti ndogo kwenye kiganja.

"Na hii niitupe?"

Nikamwambia aipeleke kwa mzee mmoja mjini mwenye mkebe. Atamlipa.