Wasini Ilipokuwa na Diwani

Wazee tuliowakuta barazani kwenye kisiwa cha Wasini, wakizungumza utawala, hawakuanza na Nairobi wala Mombasa. Walianza na Diwani wa Vumba, mtawala wa zamani wa pwani hii. Hakuwa Diwani kwa kujitangaza: alitoa ada, akalisha watu karamu, siwa ikapulizwa na ngoma kuu zikapigwa, mpaka Wavumba na Wadigo wakaridhia. Utawala ule ulikuwa na ubwana na utumwa wake, siutamani wote. Ninachokikosa ni kwamba jambo la kisiwa liliamuliwa na watu waliokanyaga mchanga wake.

Kisha Sultani wa Unguja akaishika pwani. Mwaka 1895 Waingereza wakaja na mkataba wao, wakawa wanamlipa Sultani kodi ya ukanda wa maili kumi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akagoma, akapigana, na mwaka 1896 akakimbilia upande wa Wajerumani. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua, ukanda ukawa wa Kenya na mahakama za kadhi zikabaki. Kila mara kalamu ilishikwa mbali.

Lililowauma zaidi wavuvi ni Kisite. Tangu miaka ya sabini bahari ile ni hifadhi, na kuvua ni marufuku. Kando yake, Mpunguti, unaruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. Matumbawe yamepata ulinzi, nami nafurahi kwa dhati. Lakini tikiti ya mgeni anayekwenda kupiga mbizi hukatwa na serikali kuu, na mvuvi aliyeachia mwamba wa babu yake huitazama mashua ya watalii ikipita.

Leo, tangu 2013, tuna kaunti. Ofisi zake ziko Kwale mjini: uvuke kwa mashua hadi Shimoni, upande matatu hadi Ukunda, kisha upande mlima. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe, maji matamu hakina. Watu hukinga mvua mabirikani, na kiangazi kikikaza utawaona kina mama wakiteremsha madumu mashuani, wakiyabeba mawili mawili kwenye mawe makali.

Kina mama hao hao ndio walioniondolea shaka kama watu wa kisiwa wanaweza kujitawala. Nyuma ya kijiji, kwenye matumbawe makavu na mikoko, kikundi chao kina njia ya mbao. Mgeni hulipa kiingilio, nao wenyewe hukaa, huhesabu, hupanga nani asaidiwe karo. Kujitawala wanakujua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 174, inatambua haki ya jamii kusimamia mambo yao. Basi waheshimiwa wa Kwale, vukeni. Ketini barazani Wasini na Mkwiro, kijiji kingine cha kisiwa hiki, kabla ya kupitisha bajeti, muwaulize wavuvi sehemu yao ya mapato ya Kisite na kina mama maji yao, na majibu yao yaandikwe mbele yao.