Kifafa: Neno Lililonikimbiza

Malenga wenzangu, lisikilizeni neno hili: kifafa. Sikio langu husikia ndani yake kitenzi -fa kikitamkwa mara mbili, kana kwamba mtu hufa kidogo, akazinduka, kisha akafa tena. Kwa mtunzi ni neno lenye utamu. Kwa anayeugua ni mzigo.

Mwaka 1993, Chitete yetu ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi, nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha pili. Kijana mmoja aliyewazidi wenzake wote kwa kughani alisimama mbele ya darasa. Katikati ya ubeti wa tatu sauti ikakatika. Akaanguka, akatetemeka, povu likamtoka. Wanafunzi walikimbilia nje, maana tuliamini kuwa mate yake huambukiza. Nami, mwalimu wao, nilikimbia pamoja nao. Alipozinduka, alituona tukimchungulia dirishani. Wiki iliyofuata hakuja shuleni, wala hakurudi tena.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Ndani ya ubongo, ambao kwa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, mabilioni ya seli hupashana habari kwa umeme mdogo na kwa kemikali. Mazungumzo yao yana mpangilio, kama watunzi wanaojibizana: mmoja akitoa, mwingine hungoja zamu yake. Degedege la kifafa huja pale kundi la seli linapopaza sauti kwa pamoja bila kungojana. Amri zinazoshuka katika mishipa ya fahamu huvurugika, na viungo hutetemeka. Hapana pepo hapo, wala mate hayamwambukizi mtu kifafa.

Nilijifunza pia jambo linalotugusa sisi wafugaji wa nguruwe wa Mbozi na Momba. Alaye nyama yenye vifuko vya tegu, isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi. Yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono au mboga zisizooshwa, viluwiluwi husafiri katika damu, wakafika ubongoni na kujifungia humo katika vifuko, na vifuko hivyo huweza kuleta kifafa. Basi hata asiyeonja nguruwe maishani mwake aweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo. Kifafa kina vyanzo vingi. Hiki kimoja huzuilika kwa choo, sabuni na moto wa kutosha jikoni.

Tiba nayo ilikuwapo. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall aliwahudumia wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960. Mimi nilikimbia miaka thelathini baadaye.

Mwaka jana mama mmoja alianguka mnadani hapa Chitete. Watu wakatawanyika. Nilipiga magoti, nikamwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, nikaondoa vyombo vilivyokuwa karibu. Sikumkaba, wala sikumtia kitu kinywani. Mtetemeko ulipotulia nikamlaza kwa ubavu. Alipofumbua macho akauliza yuko wapi.

“Upo Chitete, mama,” nikamjibu. “Tupo nawe.”

Maneno hayo mawili ya mwisho nilimdai yule kijana. Ubeti wake wa tatu sikuwahi kuusikia ukimalizika.