Mti wa Njiani

Mti ulioota shambani mwa mtu una mwenyewe. Mbuzi akiula hufukuzwa, tawi likivunjika hutafutwa aliyelivunja, na siku ya kukatwa kwake hukaliwa shauri nyumbani. Lakini mti ulioota kando ya barabara, au sokoni, au katika uwanja wa mji, mwenyewe ni nani? Katika ujana wangu swali hili nililijibu kwa wepesi. Nilisema kuwa mwenyewe hayupo. Nakuandikia insha hii, msomaji, nikueleze jinsi jibu hilo lilivyonipotosha, na jinsi nilivyokuja kujua, baada ya hasara, kuwa mti wa njiani una wenyewe wengi kuliko mti wowote wa shambani.

Ruiru na Thika ni miji miwili ya Kiambu iliyo juu ya barabara moja, ile itokayo Nairobi kwenda kaskazini. Zamani msafiri alipita kati ya mashamba ya kahawa upande huu na huu, na miti ya kivuli ilisimama mipakani kama askari wa zamu. Siku hizi nyumba zimeyafuata mashamba na kuyameza. Katika sensa ya mwaka 2019 Ruiru ilihesabiwa watu 490,120, na Thika watu 251,407. Pakiwa na watu wengi namna hiyo, kila shubiri ya ardhi hutakiwa na mtu, na mti usiokuwa na msemaji huwa wa kwanza kuondoka.

Mwaka 1998 nilifungua duka dogo kando ya barabara hiyo, upande wa Ruiru. Nililipaka rangi, nikaandika jina langu juu ya ubao mpana kwa herufi kubwa, nikangoja wateja. Mbele ya duka ulikuwapo mjakaranda mkubwa. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini umezoea nchi yetu hata wengi hudhani ni wa hapa. Ilipofika Oktoba ulivaa maua ya zambarau, ukayamwaga chini, njia ikawa kama imetandikwa zulia. Watu waliusifu. Mimi nilikuwa na kisa nao kimoja tu: matawi yake yaliuficha ubao wangu. Mwamba ngoma huvutia kwake, nami niliivuta ngozi yote upande wangu.

Chini ya mjakaranda ule alikaa mama mmoja mtu mzima, mwuza mahindi ya kuchoma na ndizi. Jiko lake lilikuwa pale, na mawe matatu ya kukalia wageni wake. Kila asubuhi alifagia chini ya mti kabla ya kuwasha moto. Aliniita mwanangu, na mara nyingi alinipa hindi moja bila ya malipo. Nakuambia haya ili ujue kwamba sikufanya nililolifanya kwa kukosa wema wa jirani.

Usiku mmoja nilichukua kisu nikauzunguka mti chini kabisa, penye nyasi, nikaukata ganda upana wa kiganja, duara kamili. Sikugusa tawi hata moja. Mtu mmoja alikuwa amenifundisha hila hiyo, nayo ni hila ya kikatili. Maji hupanda kutoka mizizini kwa njia ya mti wenyewe, ulio ndani. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya ganda. Ukilikata ganda pande zote, majani hubaki mabichi kwa muda, yakila na kunywa, lakini mizizi inakufa njaa gizani. Apitaye hudhani mti mzima. Hapana anayesikia shoka, na hapana anayeulizwa.

Ilichukua miezi mingi. Majani yalipukutika, na mvua za vuli ziliponyesha mti haukuchipua. Mama yule alisimama akautazama, akaniuliza, "Mwanangu, mti huu umekufa kwa kiu gani, nasi mvua tumeipata?" Nikamjibu, "Sijui, mama." Maneno hayo mawili yamenilemea kuliko kazi ya kisu. Baadaye wafanya kazi wa mji walikuja wakaukata mti mkavu wasije watu wakaangukiwa, na ubao wangu ukaonekana kutoka mbali. Lakini jua nalo likaingia dukani. Vumbi ambalo matawi yalikuwa yakilizuia likatua juu ya bidhaa. Wapita njia waliokuwa wakisimama kivulini, wakala hindi kisha wakakumbuka kununua sukari na sabuni, hawakusimama tena. Mama alivumilia siku chache chini ya mwavuli, kisha akahama. Nilikuwa nimeuondoa mti ulioficha jina langu, kumbe mti huo ndio uliokuwa ukiniitia watu.

Huenda ukauliza, je, haikuwako sheria? Ilikuwako. Sheria ya machifu ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri juu ya ukataji wa mbao, na kukataza uharibifu wa miti. Ndiyo maana katika vijiji vingi mtu hakuangusha mti mkubwa, hata ulio wake, kabla ya kuomba kibali. Nami niliijua desturi hiyo. Niliifanyia kazi usiku kwa sababu niliijua. Mvunja sheria ambaye haijui ana udhuru kidogo, aijuaye hana.

Na kabla ya sheria za karatasi yalikuwako makatazo ya wazee. Miongoni mwa Wakikuyu mugumo haukukatwa ovyo, maana chini yake watu walisali na kutoa sadaka. Thika inao mugumo wake katika masimulizi. Husimuliwa kuwa mwaguzi Mugo wa Kibiru alitabiri kuja kwa wageni, na kuwa utawala wao ungekoma siku ambayo mugumo wa Thika utaanguka. Husimuliwa pia kuwa watawala waliposikia utabiri huo waliufunga mti kwa chuma ili usianguke. Radi ikaupiga, ukapasuka, ukaanguka mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Sikuambii uuamini utabiri au uukatae. Nakuambia jambo moja ambalo hunijia kila nikumbukapo kisa hicho: wageni wasiokuwa wa kabila lile waliuzungushia mti pete ya chuma ili uishi, na mimi, mwenyeji, niliuzungushia mti wangu pete ya kisu ili ufe.

Miaka ikapita. Kuanzia mwaka 2009 hadi mwaka 2012 barabara ya Thika ilipanuliwa, ikawa na njia nane katika sehemu zake kubwa. Miti mingi iliondolewa, na vibanda vingi pia, na duka langu likiwamo. Pale palipokuwa na kisiki cha mjakaranda sasa pana lami. Hapo ndipo nilipojua kwamba makosa mengine mtu hawezi kuyatengeneza pale pale alipoyafanyia.

Mwaka 2014 nilikutana na yule mama sokoni Thika, amezeeka, anatembelea fimbo. Nilimsalimu, akanijua. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, mti ule ni mimi niliyeuua." Akanitazama kitambo, akasema, "Niliona kovu la kisu siku ya pili, mwanangu. Si mimi niliyekuwa nikifagia pale?" Nikamwuliza kwa nini hakunishitaki. Akajibu, "Nilingoja useme." Kisha akanishika mkono, akaongeza, "Sasa umesema. Panda mwingine, na usiupande wako."

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Lakini mjukuu naye hutumwa kazi. Nilikwenda ofisini kuomba nafasi ya kupanda miti kando ya njia iendayo soko dogo la mtaani kwetu Ruiru. Nilidhani nitashukuriwa papo hapo. Badala yake nilikalishwa, nikaulizwa maswali, na nilitaka kukasirika. Mti gani? Wapi hasa? Nani atautia maji Januari? Nikasema nataka kifabakazi, ule mti wa maua mekundu kama moto, ambao kwa ajili ya kitabu cha Elspeth Huxley kilichotoka mwaka 1959 umelifanya jina la Thika lijulikane mbali. Bwana yule akatikisa kichwa. Kifabakazi ni mzuri, akasema, lakini mti wake ni mwepesi kuvunjika. Ukiupanda juu ya vibanda, siku ya upepo tawi litawaangukia watu. Akaniambia nipande mringaringa, ambao Wakikuyu huuita muringa, wenye kivuli kipana na maua meupe. Nisipande chini ya nyaya za umeme, maana mti utakatwa kichwa kila mwaka hata uwe kilema. Nisipande juu ya bomba la maji, maana mizizi hufuata unyevu. Mche ujengewe uzio kwa ajili ya mbuzi. Na kupogoa matawi kufanywe na ajuaye, si na kila mwenye panga.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani hasira ilinitoka. Niliona kwamba kila sharti lile lilikuwa limetokana na msiba wa mtu fulani: tawi lililoanguka, bomba lililopasuka, mche uliokufa kwa kiangazi. Sheria njema ni kumbukumbu ya majuto ya waliotutangulia, imeandikwa kwa ufupi.

Na sheria kubwa zipo pia, nawe msomaji yakupasa uzijue kwa kuwa zitakuwa zako kesho. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliziagiza halmashauri za miji kuweka na kutunza bustani za miti na mahali pa kupumzikia watu. Wajenzi wa mitaa mipya walitakiwa kuacha angalau asilimia 5 ya ardhi yao iwe kijani, na bustani isigeuzwe kuwa kitu kingine pasipo kushauriana na wakazi. Sheria ya mwaka 2016, iliyoshika mahali pake, iliutia mzigo huo mabegani mwa serikali za kaunti. Katiba ya mwaka 2010 nayo inaitaka Serikali ijitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na inamtaka kila mtu ashirikiane katika kulinda mazingira. Kila mtu, msomaji. Hata mwenye duka.

Sisemi kuwa mti wa mji usikatwe kamwe. Mti uliooza unaotishia shule lazima ukatwe, na barabara yenye manufaa kwa maelfu huenda ikadai mti. Ninalosema ni kwamba ukatwe mchana, baada ya shauri, na kwa sababu inayoweza kutajwa mbele za watu. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa jijini Nairobi, mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa karibu kung'olewa. Wananchi wakapaza sauti, na mwezi wa Novemba ikatangazwa rasmi kuwa mti huo utahifadhiwa. Barabara ilijengwa, na mti ulibaki. Lau mtu angaliuzungusha kisu usiku, pasingalikuwa na la kushauriana.

Wala usidhani kwamba kupanda ndiyo kazi yote. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku ya mapumziko nchi nzima ili watu wapande miti. Ni jambo jema. Lakini kupanda ni kazi ya siku moja, na kulea ni kazi ya miaka. Mimi nilipanda miringaringa sita. Mmoja uliliwa na mbuzi, mmoja uligongwa na mkokoteni, na mmoja ulikufa kwa uvivu wangu mwenyewe wa mwezi wa Februari. Mitatu iliishi. Chini ya mmoja wao leo anakaa kijana mshona viatu, ambaye hanijui, wala hajui nani aliyeupanda. Hivyo ndivyo yule mama alivyotaka.

Labda pana mti nje ya lango la shule yako. Jifunze jina lake. Litazame ganda lake chini, penye nyasi, kama ni zima. Na siku moja mti utakapokufichia ubao wako, maana kila mtu ana ubao wake, ukumbuke kuwa mti huo una wenyewe wengi, nawe u mmoja wao tu. Waulize wengine kwanza.