Nani Anajibu? Somo la Uraia Lilivyotoka Ubaoni Rongo

Nilisomea shule ya msingi iliyozungukwa na miwa, mwendo mfupi kutoka mjini Rongo, siku ambazo eneo letu lote bado lilikuwa wilaya ya South Nyanza. Uraia haukuwa somo la kujitegemea. Ulifungwa pamoja na jiografia na historia katika GHC, na kwetu ulikuwa ngazi ya kukariri: naibu wa chifu, chifu, DO wa tarafa, DC wa wilaya, PC wa mkoa, kisha Rais. Tuliipanda na kuishuka ngazi hiyo kwa sauti moja hadi hata aliyesinzia akaijua. Mtihani wa KCPE ulitaka herufi moja tu kati ya A, B, C na D, kwa hiyo mwalimu alitufundisha kuchagua herufi.

Kisha ukaja mwaka wa 1988. Mwezi wa Februari, chama tawala cha KANU kiliteua wagombea wake kwa mlolongo. Watu wazima walijipanga peupe nyuma ya picha ya wanayemtaka, jirani akimwona jirani, mdeni akimwona anayemdai. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata kura ya siri ya Machi haikumhusu. Nasi katika daftari zetu tulikuwa tumenakili kutoka ubaoni kwamba kura ni siri ya mpiga kura. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza, wala mwalimu hakuligusia jambo hilo. Ukimya ule ulitufundisha uraia kuliko daftari: kwamba serikali ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, tena kwa tahadhari.

Niliporudi kufundisha maeneo hayo hayo, vyama vingi vilikuwa vimerejea, lakini ubao ulikuwa ule ule. Mabadiliko yalianzia ukutani. Baada ya sheria ya hazina ya CDF ya mwaka 2003, madarasa mapya yalianza kuandikwa kwa rangi kwamba yamejengwa kwa hazina hiyo ya eneo bunge. Watoto wakawa na maswali: pesa hizo ni za mheshimiwa? Kwa nini darasa la jirani lina sakafu na letu ni vumbi? Hayo yalikuwa maswali ya kwanza ya uraia niliyowahi kuulizwa bila mtihani kuyadai.

Mwaka wa 2009 ukaundwa muungano wa kitaifa wa mabaraza ya wanafunzi wa sekondari, na wazo la kuwachagua viongozi badala ya viranja kuteuliwa katika chumba cha walimu likafika hadi shule za msingi. Sisi tuliandaa sajili ya wapiga kura, sanduku la katoni na kibanda cha leso mbili. Karatasi zilihesabiwa mbele ya wote, mawakala wa wagombea wakikodoa macho. Msichana mmoja mpole, ambaye hakuna mwalimu angemteua, alishinda kwa sababu aliahidi jambo moja tu: zamu ya kuteka maji isiwaangukie wasichana peke yao. Muhula haukuisha kabla ya wavulana kuanza kubeba ndoo.

Lakini somo lililonikaa moyoni zaidi lilitokana na Katiba ya 2010. Jedwali lake la Nne linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na ukilisoma darasani linachosha kupindukia. Tukatoka nalo nje. Tukaanzia uani: darasa la chekechea ni la kaunti, darasa la kwanza lililo hatua chache tu kutoka hapo ni la serikali ya kitaifa. Watoto walisimama katikati wakacheka kwa mshangao. Njia ya udongo inayopitisha matrekta ya miwa? Kaunti. Barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Migori? Taifa. Kituo cha polisi? Taifa. Zahanati? Kaunti. Kila tulipofika, swali lilikuwa lile lile: hiki kikiharibika, nani anajibu? Sokoni Rongo waliwauliza akina mama kuhusu ushuru na kuomba kuona risiti. Mama mmoja muuza omena aliwaambia hajawahi kuulizwa na mtu yeyote anachopata kwa ushuru ule. Siku iliyofuata darasa zima lilikuwa na la kuandika, na insha zile hazikufanana hata mbili.

Mtaala wa umilisi sasa umeutaja uraia kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, nami naunga mkono. Ninachopinga ni kuugeuza mradi wa manila na gundi ambao mzazi anaukamilisha usiku. Mtoto hajifunzi serikali kwa kuichora.

Juni 2024, vijana waliousoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuufafanua kwa lugha za nyumbani walikuwa, wengi wao, watoto walioanza shule karibu na wakati Katiba hii ilipozaliwa. Rais alitangaza Juni 26 kwamba hatautia sahihi mswada huo, lakini baada ya damu kumwagika katika maandamano. Natamani maswali yao yangepata majibu mapema zaidi, penye meza na si penye risasi.

Ndiyo maana nina ombi kwa walimu wakuu wa eneo letu lote la Kamagambo: wanafunzi wakichagua viongozi wao, matokeo yasibadilishwe ofisini. Na kwa kaunti zetu za Migori na Homa Bay, zilizokuwa South Nyanza ile: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawataka mtoe elimu ya uraia. Makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Nakala moja ipelekwe katika kila shule.