Honi ya Upepo katika Barabara za Bariadi

Atokaye Mwanza kwenda Bariadi hufuata kwanza njia ya Musoma. Huvuka mto Simiyu, ambao ndio ulioupa mkoa ule jina lake, huipita Magu, na Ghuba ya Speke hubaki upande wake wa kushoto, hata afikapo Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo huiaga njia ya Musoma, hugeuka kulia, na kuingia bara kwa kiasi cha kilomita 70 akipitia Dutwa. Mkoa wa Simiyu ni mchanga. Ulikatwa katika Shinyanga mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 2. Lakini nchi yenyewe ni kongwe, nchi ya Wasukuma, ya udongo mweusi upendwao na pamba, na ya ng'ombe wenye nundu ambao mgeni huchoka kuwahesabu kabla hawajaisha kuvuka barabara.

Niliifuata njia hiyo mwezi wa Juni, msimu wa pamba umepamba moto, nami sikwenda kutembea. Niliitwa. Mke wa mpwa wangu alinipigia simu usiku, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akasema: "Mjomba, mwanao anataka kufunga honi ya lori katika pikipiki. Fundi wa kwanza nusura atuchomee nyumba. Mimi sikatai asikike barabarani. Nakataa aungue."

Yafaa msomaji ajue kisa chake. Mpwa wangu ni mwendesha bodaboda mjini Bariadi, na pikipiki yenyewe ni ya mkataba. Kila juma lazima apeleke hesabu kwa mwenye mali. Msimu wa pamba uliotangulia, alikuwa akirudi kutoka Lagangabilili, upande wa Itilima, amempakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Jua lilikuwa linakuchwa. Akalikuta lori limesimama kando ya njia, limejaa pamba hata limevimba mbavu. Alipofika ubavuni mwake, lori likaanza kuingia barabarani bila ishara yo yote. Akapiga honi. Akapiga tena. Dereva, juu kule katika ngurumo ya injini yake, hakusikia kitu. Mpwa wangu akaona hana njia ila shimo la mtaro, akaingia humo na abiria wake. Mama na mtoto waliinuka na vumbi tu, Alhamdulillahi. Yeye alivunjika mtulinga, akakaa miezi mitatu bila kazi, na hesabu ya mwenye mali ikamngoja mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Basi nani atamlaumu mtu huyu akitaka sauti?

Nilifika Bariadi baada ya Alasiri. Mji ule una lugha ya honi ambayo mgeni huijua baada ya siku moja. Mlio mfupi mmoja ni kuita abiria. Miwili ni salamu ya bodaboda kwa bodaboda. Mrefu ni hasira. Katika lugha hiyo sasa wameingia wenye sauti kubwa. Nilipokuwa naswali Isha katika msikiti ulio karibu na kijiwe chao, kijana mmoja alipita na honi iliyolia kama basi la Mwanza, na mtoto aliyekuwa safu ya nyuma akaruka kutoka mahali pake. Baada ya swala wazee wakamtazama mpwa wangu, maana khabari za nia yake zilikwisha kuenea.

Mimi nilifanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na asubuhi nikamwomba anionyeshe kazi ya yule fundi wa kwanza. Nilipoiona nilinyamaza kwanza, nisije nikasema neno la kujutia. Alikuwa ameiondoa honi ya kiwandani, akaifunga ya upepo mahali pake, na kuunga nyaya zile zile.

Honi itokayo kiwandani ni kitu chepesi. Ndani yake mna koili iliyo sumaku ya umeme, nayo huvuta kiwambo cha chuma. Kiwambo kikivutwa umeme hukatika, kikirudi umeme huungana tena, mamia ya mara katika sekunde moja, na mtetemo huo ndio sauti. Hula ampea 2 au 3 tu za betri ya volti 12, na waya wake ni mwembamba kwa sababu hiyo. Honi ya upepo ni jamaa ya mbali. Katika lori, upepo hutoka katika mitungi ile ile ya breki. Pikipiki haina mitungi, kwa hiyo hupewa pampu ndogo ya umeme isukumayo upepo katika tarumbeta. Na pampu hiyo, ndogo vile uionavyo, hutaka ampea 15 hata 20, yaani wati 180 mpaka 240. Mtambo wa umeme wa pikipiki ndogo kwa kawaida hautoi kiasi hicho. Betri ndiyo hulipa deni kwa muda ule kidole kiko juu ya kitufe. Ukipitisha mzigo huo katika waya wa kiwandani na katika kitufe cha mkono wa kushoto, waya hupata moto, ngozi yake ya plastiki huyeyuka, nao hupita chini ya tangi la petroli. Mkewe alikuwa na haki. Kitufe kilikwisha ungua, na waya ulikwisha geuka rangi.

Tulikwenda kwa fundi mwingine, mtu mpole asiyechukia kuulizwa. Tukanunua rilei, kijisanduku chenye miguu minne, kila mguu na nambari yake. Nyaya mbili nyembamba za honi ya zamani tuliziunga katika nambari 85 na 86; hizo kazi yake ni kuiamsha rilei tu. Nambari 30 tuliileta moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene, na katika waya huo, karibu kabisa na betri, tukaweka fyuzi ya peke yake ya ampea 20. Nambari 87 ikaenda kwenye pampu, na mguu wa pili wa pampu ukarudi kwenye hasi ya betri. Pampu tuliifunga wima, mbali na mahali usukani unapogeukia, na mdomo wa tarumbeta ukatazama mbele na chini kidogo, ili mvua isiingie wala tope jeusi la huko lisizibe koo lake. Kazi nzima ilimaliza muda kati ya kifungua kinywa na Adhuhuri. Betri yake ilikuwa mzee, nikamwambia wazi kwamba honi hii itaimaliza kama hataibadili. Akasema atangoja hesabu ya juma lijalo.

Akapiga. Kuku wa jirani wakapotea.

Nami nitakiri kwamba nilifurahi, kama afurahivyo fundi ye yote. Tukatoka nje ya mji kuijaribu. Mpwa wangu alikuwa akieleza kwamba sasa lori litamsikia toka mbali, na hisabu yake haikuwa mbaya: pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kila sekunde, na sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, kwa hiyo mwenye sauti kubwa hununua mita za mapema. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa punda uliobeba madumu ya maji, na mtoto wa miaka kama minane amekaa juu yake. Mpwa wangu akabonyeza kitufe kama alivyozoea kukibonyeza siku zote, kwa kusema "napita".

Punda akaruka, mkokoteni ukaingia mtaroni, madumu yakamwagika, na mtoto akaanguka kwa magoti na viganja. Hakuvunjika, ila damu ilitoka. Mpwa wangu alimwinua mwenyewe, akamfuta kwa kanzu yake, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya mtoto. Babu mwenye punda alitoka shambani akiwa na jembe begani. Tulitaraji matusi. Akaitazama ile tarumbeta, akasema kwa upole: "Punda wangu ana sauti mbaya, lakini hajamtupa mtoto wa mtu shimoni." Msomaji aujuaye wosia wa Luqman kwa mwanawe ataelewa kwa nini mpwa wangu aliinamisha kichwa.

Tulilipa madumu mawili yaliyopasuka, tukarudi kwa fundi siku ile ile. Safari hii mpwa wangu ndiye aliyesema atakacho. Honi ya kiwandani irudi mahali pake, na kitufe chake kipya, kwa ajili ya watu na wanyama. Rilei ipewe swichi yake mbali, upande wa pili wa usukani, mahali ambapo kidole hakifiki kwa mazoea ila kwa kukusudia. Mkewe alipoelezwa alitaka kuona fyuzi kwa macho yake, akaonyeshwa.

Usiku wazee wa msikiti wakaniuliza kama serikali inaruhusu vitu hivi. Niliwajibu kwamba milio ya ving'ora ni ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, na kwamba nchi ina kanuni za kelele tangu mwaka 2015. Kwa hiyo ni kheri kila kijana aulize askari wa barabarani kabla hajatoa fedha yake. Kisha nikawachekesha kwa khabari ya Mmarekani Miller Reese Hutchison, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni honi ya Klaxon iliyotisha miji, naye ndiye aliyetangulia kutengeneza kifaa cha umeme cha kuwasaidia viziwi kusikia. Mzee mmoja akasema huyo alijua biashara.

Siku ya kuondoka, mpwa wangu alinichukua baada ya Alfajiri kwa njia ya Lamadi mpaka Nyakabindi, penye viwanja vilivyofanyiwa Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, ambako nilikuwa na rafiki wa kumjulia hali kabla ya kupanda basi. Alinivika kofia ngumu, akaifunga kidevuni mwangu kama mtoto. Njiani tuliwapita wachungaji wawili na ng'ombe wao. Alipunguza mwendo, akapiga ile honi ndogo mara moja, akangoja. Mbele zaidi tulilikuta lori la pamba likipanda kilima, limeshika katikati ya barabara. Nikaona kidole gumba chake kikihama kwenda upande wa pili. Mlio ukatoka, mrefu kidogo. Lori likasogea kushoto, na mkono wa utingo ukatoka dirishani ukituashiria tupite.

Mpwa wangu hakupita. Alikaa nyuma yake mpaka kilima kikaisha na njia ya mbele ikaonekana yote, akapiga tena mara moja, ndipo akapita.