Mgongo wa Ngao

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimeshinda makumbusho mbele ya ngao moja tu, ya Waasmat wa Papua. Imechongwa kwenye mzizi wa mkoko, ule unaotokeza ubavuni mwa shina kama ubao. Weupe wake ni chokaa ya kome waliochomwa, weusi ni mkaa, wekundu ni udongo. Ngao ya Waasmat hupewa jina la marehemu wa ukoo. Aliyeibeba vitani alikwenda na nduguye aliyeuawa, na adui akiiona alijua ni nani amerudi.

Jumatano, 6 Machi
Mpiga upinde anahitaji mikono yote miwili. Ngao ataishikaje? Nimelala na swali hilo, leo nimepata jibu. Waelema wa Ghuba ya Papua walikata pengo juu ya ngao, wakaitundika begani kwa kamba. Mkono wa upinde ukapita pengoni. Basi! Kitabu nilicho nacho kinaiita ngao hiyo pambo. Mimi sikubali, hata kama imejaa nyuso kuanzia juu hadi chini.

Jumamosi, 9 Machi
Leo ni zamu ya ngao za Bonde la Wahgi, nyanda za juu za Papua Guinea Mpya. Utawala wa Australia ulikuwa umezima vita vya koo, lakini miaka ya 1980 ngao zilikuwa zimerudi uwanjani, safari hii kwa rangi za dukani. Kaipel Ka, mchora mabango wa huko, alizichora pia. Nyingine zina nembo ya bia. Nyingine zina Phantom, shujaa wa katuni za Marekani tangu 1936: baba akifa mwana huvaa kinyago chake, na maadui huamini ni mtu yuleyule, hafi. Wapo wanaosikitika kwamba asili imeharibika. Mimi naona marehemu wa Waasmat na huyu mwenye kinyago wanasimama mahali pamoja, mbele ya kifua cha mtu anayeogopa kufa.

Jumapili, 10 Machi
Bunduki zilipoingia Wahgi, mbao hazikufaa tena; wengine wakaunda ngao za chuma chakavu.

Kabla ya kuondoka makumbusho nimemwomba mhudumu anigeuzie ngao ile ya Jumatatu. Nyuma hakuna nakshi. Kuna mshikio, umelainika na kung'aa kwa jasho la kiganja. Ukienda makumbusho, omba kuonyeshwa upande huo.