Chumbe: Siku Moja ya Vijana Baharini

Watu wa Unguja huzaliwa wakiisikia bahari. Hula samaki wake na huvuka juu yake kwenda kusoma, kutibiwa na kuzika jamaa zao. Hata hivyo, wako vijana wengi wa mjini, wasichana hasa, wanaofikia utu uzima bila kujua kuogelea. Wazazi huwazuia kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu. Tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa imekaribia, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na nyumba nyingi zikaingia msibani.

Ni katika maji hayo hayo ambamo kundi la wanafunzi wa sekondari lilipelekwa na walimu wao, kwa siku moja ya kutweka tanga na kuzamia. Mashua iling'oa nanga Mbweni asubuhi, kila kijana akiwa amefunga jaketi lake la kuokolea maisha. Chumbe iko kusini-magharibi mwa mji, na kusi ilikuwa ikivuma, hivyo nahodha alilazimika kupiga bishi: kwenda mshazari upande huu, kisha kugeuza upande wa pili. Kila ilipogeuzwa, foromali ilihamishwa na vijana wakashika kamba kwa pamoja. Aliyechelewa kutii aliwachelewesha wote. Somo la subira na utiifu likaeleweka bila hotuba.

Upande wa magharibi wa kisiwa kuna matumbawe yaliyohifadhiwa kisheria tangu 1994. Hapo hakuna anayeruhusiwa kuvua wala kutia nanga, na mgeni huzamia kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia tu, bila mitungi ya hewa. Vijana walielezwa kwamba tumbawe ni kiumbe hai, na kwamba unyayo mmoja unaweza kuharibu kilichokua kwa miaka mingi. Samaki wanaozaliana humo hutoka nje ya mipaka na kuingia katika nyavu za wavuvi wa jirani. Mwenye kusoma Surat An-Nahl, aya ya 14, anajua kuwa bahari imetiishwa kwetu ili tule na tushukuru; kuihifadhi ni sehemu ya shukrani hiyo.

Wasichana walikuwa na zamu yao, wakiwa na mwalimu wa kike na mavazi mapana ya kuogelea yaliyowasitiri mwili mzima. Mmoja wao alifiwa na ami yake katika ajali ile, yeye mwenyewe akiwa bado mchanga. Aling'ang'ania kamba ya mashua muda mrefu.

“Naogopa, mwalimu.”

“Mwanangu, yalalie maji. Ukipigana nayo yatakuchosha, ukiyalalia yatakubeba.”

Aliachia mkono mmoja, kisha wa pili, akaelea chali huku mwalimu akimshika kisogo. Wenzake walinyamaza kumtazama. Kabla ya kupanda chomboni alikuwa ameelea peke yake, akihesabu pumzi zake.

Adhuhuri iliwakuta nchi kavu. Chumbe ina mnara wa taa uliojengwa 1904, na karibu yake msikiti mdogo wa kale uliohudumia walinzi wa taa. Kisiwa hakina kisima cha maji baridi. Maji yatumikayo ni ya mvua iliyokingwa juu ya mapaa. Kijana aliyezoea kuacha bomba likimwagika nyumbani alitawadha hapo kwa kikombe kimoja, akafahamu kwa nini israfu imekatazwa hata katika udhu.

Jioni kusi ikawasukuma kwa nyuma, na safari ya kurudi ikawa nyepesi.

Wazazi wenzangu, kumzuia mtoto asiende pwani hakumwepushi na bahari, kwa kuwa siku moja atapanda meli. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio ya sheria yetu, na stara si kikwazo pakiwa na mpango mzuri: mwalimu wa kike, zamu maalumu, vazi linalofaa. Madrasa na shule zetu zinaweza kuanza na jambo moja dogo, nalo ni kumfundisha kila mtoto kuelea. Ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, lakini ngamia hufungwa kwanza, ndipo tukatawakali.